Mbawakawa wa madoa kwenye matikiti: yupi wa kuua, yupi wa kuacha?

MatikitiRuvu: Wakuu, matikiti yana wiki 4. Nakuta mbawakawa wa rangi ya chungwa wenye madoa meusi, na majani yana mabaka makavu yanayopitisha mwanga kama nailoni. Jirani anasema hao wanakula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, niwaache. Muuza dawa anasema nipige saipamethrini. Nimsikilize nani?

BwanaShamba_K: Mkuu, weka bomba chini kwanza. Shika mmoja, mtazame mgongo juani. Epilakna, ndiye mharibifu, ana vinywele vifupi, hang'ai. Mla vidukari mgongo wake ni laini na unang'aa. Wa matikiti huwa na madoa 6 kila upande, ila usitegemee madoa tu, spishi ni nyingi. Na wote wakiguswa hutoa maji ya njano miguuni, kwa hiyo hiyo si dalili.

Kinachomaliza ubishi ni buu. Buu la epilakna ni la njano, limejaa miiba yenye matawi, linakwangua jani kwa chini na kubakiza ngozi ya juu. Hiyo ndiyo nailoni yako. Buu la mla vidukari ni jembamba, jeusi au la kijivu lenye mabaka ya chungwa, linakimbia. Sura yake mbaya ndiyo inamponza, watu wanaliponda wakidhani ni adui.

MamaBustani: Kwa maelezo hayo ni epilakna. Waokote alfajiri wakiwa wazito kwa baridi, tumbukiza kwenye maji ya sabuni. Ponda mayai ya njano chini ya majani, ila fungu lililo katikati ya vidukari liache. Mwarobaini: mbegu kavu gramu 50 kwa lita, yaani 800 kwa bomba la lita 16. Twanga, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, la sivyo nozeli itaziba. Puliza jioni, chini ya majani. Ukilowesha juu tu ni kazi bure. Rudia baada ya siku 7, jua huimaliza nguvu.

MatikitiRuvu: Na saipamethrini?

BwanaShamba_K: Inaua wote. Kidukari huzaa bila dume na hukomaa kwa wiki moja hivi. Mlaji wake huchukua kama wiki 3 toka yai. Vidukari watarudi kwanza, bila wa kuwala. Tena maua ya tikiti hufunguka asubuhi, ukiua nyuki matunda hayashiki. Ukivuna, ng'oa mashina yote ufukie, pamoja na matango pori ya pembezoni. Huko ndiko epilakna husubiri msimu.