Naomba ushauri: toleo jipya la programu ya muziki limeficha theluthi ya nyimbo za santuri za marehemu baba

Binti wa Ngara

Wanajukwaa, nawasalimu. Naleta jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa wengine, lakini limeninyima raha tangu Jumatatu.

Marehemu baba alikuwa mkusanyaji wa santuri, hasa zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika alizokuwa akizinunua River Road katika miaka ya sabini na themanini: benga, rumba, na bendi za Kiswahili zilizokuwa na makao hapa Nairobi. Alipostaafu alizihamishia kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, akapata faili za MP3 zipatazo 2,300, kisha akazinakili kwenye kadi ya memori ya simu yake. Simu hiyo sasa ina kazi moja tu. Imeunganishwa na spika za mkahawa wetu mdogo hapa Ngara, nayo hupiga muziki tangu chai ya asubuhi hadi tunapofunga.

Wanaozijua santuri hizo wanakumbuka kwamba upande mmoja haukuutosha wimbo mrefu. Upande wa kwanza ulibeba mashairi, sauti ikafifia taratibu, na ulipoigeuza santuri ulikuta magitaa yamekolea na sebene imeshaanza. Kwa hiyo katika hazina ya baba nyimbo nyingi ni faili mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili.

Usiku wa kuamkia Jumatatu programu ya muziki ilijisasisha yenyewe. Asubuhi nikakuta kwamba sasa inachanganya mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa ule unaofuata, inasawazisha kiwango cha sauti, inatafuta picha na majina mtandaoni, na inaficha kile inachokiita nyimbo zinazojirudia. Hilo la mwisho ndilo lililoniumiza. Nyimbo zinazoonekana zimeshuka hadi 1,500 hivi, na karibu zote zilizotoweka ni sehemu za pili. Alhamisi mteja wetu wa miaka mingi aliinua kichwa kutoka kwenye sahani yake ya chapati na maharagwe, akaniuliza, “Binti, mbona umeukata kabla ya gitaa?” Sikuwa na jibu la kumpa.

Isitoshe, bendi mbili, Simba Wanyika na Les Wanyika, zimewekwa chini ya jina moja na picha moja, ilhali Les Wanyika walijitenga mwaka 1978 na kwenda njia yao. Baba angaliliona hilo, pasingekalika.

Kijana mmoja wa Luthuli Avenue ameniambia niifute programu kisha nisakinishe toleo la zamani. Nasita, kwa sababu ndani ya programu hiyo zimo orodha za nyimbo alizozipanga baba kwa mkono wake, mojawapo ikiwa ya Jumapili asubuhi, ambayo sina nakala yake popote. Je, nifuate ushauri huo, nibaki na toleo jipya, au nihamie programu nyingine kabisa?

Abiria wa Nyuma

Dada, pole. Weka VLC, programu nyingine ya kupigia muziki, ifungue kwa folda, basi. Mimi niliachana na hizo programu zinazojifanya zinajua muziki kuliko mwenye muziki.

Fundi wa Kariobangi

Dada, tafadhali usiifute. Simu za Android kwa kawaida hazikubali toleo la zamani lisakinishwe juu ya toleo jipya, ndiyo maana yule kijana anataka uanze kwa kufuta. Hata hivyo ukifuta, kila kitu kilichohifadhiwa ndani ya programu yenyewe hufutika pamoja nayo. Faili za muziki zilizo kwenye kadi zitabaki salama, lakini orodha ya Jumapili itakwenda.

Anza na orodha hizo. Kwenye mipangilio tafuta mahali pa kuhamisha orodha nje, na ukiulizwa aina ya faili chagua M3U. Hiyo ni faili ya maandishi matupu inayotaja mahali ulipo kila wimbo, mstari kwa mstari, na unaweza kuifungua hata kwa programu ya kuandikia barua. Uinakili kwenye kompyuta na mahali pengine pa pili. Baada ya hapo hata programu ikiharibika, mpangilio wa baba unao.

Hatua inayofuata ni kujua kama toleo jipya limeziandika upya faili zenyewe au limebadilisha kumbukumbu zake tu. Toa kadi, iweke kwenye kompyuta, na uangalie tarehe ambayo faili zilibadilishwa mara ya mwisho. Ukiona tarehe za zamani, hakuna kilichoharibika, bali programu inakuonyesha picha na majina yake yenyewe. Ukiona tarehe ya wiki hii, usiendelee kuitumia simu hiyo hata kidogo hadi tuzungumze tena.

Kuhusu sehemu za pili nina dhana moja, lakini kwanza niambie: baba aliziandikaje nyimbo hizo? Majina yalikuwa marefu?

Mpenda Besi

Mimi nitatofautiana kidogo na wenzangu, kwa sababu toleo hili limenisaidia. Nashughulikia muziki katika matatu ya njia ya Rongai, na kabla ya hapo kazi yangu kubwa ilikuwa kuzungusha kitufe cha sauti. Nyimbo za siku hizi hurekodiwa kwa nguvu mno, na ukipiga wimbo wa zamani baada yake abiria wanadhani spika imekufa, kisha ukirudi kwenye wimbo mpya mama wa kiti cha mbele anaruka. Sasa vyote vinatoka kwa kiwango kimoja. Na huko kuchanganya nyimbo nakupenda, maana kimya cha sekunde tatu ndani ya matatu ni sawa na kuwaalika watu waanze kulalamika juu ya nauli.

Kwa hiyo dada asiambiwe kwamba toleo lote ni baya. Lilitengenezwa kwa watu kama mimi.

Mzee wa Gitaa

Mwanangu wa Rongai, umesema kweli kuhusu gari lako. Mkahawani ni kwingine. Pale sauti inapofifia mwishoni mwa sehemu ya kwanza, msikilizaji anajua kwamba kuna mtu anainuka kwenda kuigeuza santuri. Kimya kile kilikuwa na kazi yake: ndipo mtu alipoagiza chai ya pili au akamwambia jirani, “Ngoja sasa usikie.” Ukikifunika kwa wimbo mwingine umeondoa mlango na kuacha ukuta.

Nakubaliana pia na Binti kuhusu Wanyika. Waliotoka Tanga na waliojitenga nao hawawezi kuwekwa kapu moja eti kwa sababu jina linafanana. Mashine ikishindwa kuwatofautisha kwa masikio, ingeuliza.

Binti wa Ngara

Ahsanteni nyote, na shikamoo Mzee.

Nimefanya kama Fundi alivyoelekeza. Orodha zote saba zimetoka, nimezifungua na nimeziona kwa macho yangu. Ile ya Jumapili ina nyimbo 64. Tarehe za faili nazo ni za 2006 na 2007, hakuna hata moja ya wiki hii, kwa hiyo nimepumua.

Kuhusu majina: ndiyo, yalikuwa marefu. Baba alikuwa na kawaida ya kuandika jina la wimbo, kisha jina la mtunzi, kisha “Sehemu ya Kwanza” au “Sehemu ya Pili”. Lakini nilipofungua maelezo ya wimbo mmoja ndani ya programu, nimekuta maneno yamekatika kwenye “Sehemu ya”, na kwenye faili ya pili yamekatika hapo hapo.

Fundi wa Kariobangi

Hapo ndipo penye tatizo, na kwa kweli lilikuwepo kabla ya toleo jipya. Toleo limelifichua tu.

Faili ya MP3 hubeba lebo ndani yake, yaani maandishi yanayotaja wimbo, mwimbaji na albamu. Mtindo wa kwanza wa lebo hizo, ID3, ulianza mwaka 1996, nao ulikuwa mdogo sana: baiti 128 tu zinazobandikwa mwishoni mwa faili, na ndani yake jina la wimbo lilitengewa nafasi ya herufi 30. Ya thelathini na moja haikuandikwa. Mtindo uliofuata, wa mwaka 1998, uliondoa kizuizi hicho, lakini programu nyingi za kuhamishia muziki ziliendelea kuandika ule wa zamani kwa miaka. Naona ile aliyoitumia baba ilikuwa mojawapo. Yeye aliandika jina kamili, mashine ikaweka herufi 30 na kuzitupa zilizobaki bila kumwambia.

Sasa toleo jipya linakuta faili mbili zenye jina lile lile, bendi ile ile, na urefu unaokaribiana kwa kuwa pande mbili za santuri hulingana. Linaamua ni wimbo mmoja ulionakiliwa mara mbili, na kuficha mmoja.

Kwa leo, nenda kwenye mipangilio uzime kuficha nyimbo zinazojirudia na kutafuta majina mtandaoni, kisha urudishe muda wa kuchanganya nyimbo hadi sifuri. Usichanganye hilo na chaguo la kupiga nyimbo bila mapengo. Programu zinazotengeneza MP3 huongeza kimya kifupi mwanzoni na mwishoni mwa faili, na chaguo hilo huondoa kimya hicho tu bila kugusa muziki. Liache litumike. Kimya anachokitetea Mzee kimo ndani ya rekodi yenyewe, hakitaguswa.

Kusawazisha sauti pia usikuzime, ila kubadilishe. Mfumo wa ReplayGain, uliopendekezwa mwaka 2001, una njia mbili: kupima kila wimbo peke yake, au kupima albamu nzima kama kitu kimoja. Ukipima kila wimbo peke yake, upande wa sebene, ambao kwa asili una nguvu zaidi, utashushwa hadi ulingane na upande wa mashairi, na utamu wote utakuwa umekwenda. Chagua njia ya albamu, mradi sehemu zote mbili ziwe na namba moja ya santuri mahali pa albamu. Mfumo huo hauandiki upya sauti yenyewe. Hupandisha na kushusha wakati wa kupiga tu.

Niulize jambo moja la mwisho: majina ya faili zenyewe, yale yanayoonekana kwenye kompyuta, yamekatika pia?

Binti wa Ngara

Hayakukatika. Kila faili inaanza na namba ya santuri na herufi, kwa mfano 0417A na 0417B, kisha jina lote kama alivyoliandika.

Fundi wa Kariobangi

Mungu amrehemu baba, alikuwa mtu wa mpango. Nakili kadi yote kwenye kompyuta, ufanyie kazi nakala hiyo na wala si kadi yenyewe. Weka Mp3tag, ambayo kwa Windows hailipiwi. Ina njia ya kuchukua jina la faili na kuligeuza kuwa lebo kwa faili nyingi kwa pamoja: namba iende mahali pa albamu, jina mahali pa wimbo. Jaribu kwanza kwa faili kumi, uzipige, uangalie, ndipo uendelee na zilizobaki. Usibadilishe majina ya faili wala folda, maana orodha za M3U zinayategemea.

Abiria wa Nyuma

Bado nasema VLC ingekuokolea siku tatu, lakini nakiri kwamba lebo zingebaki zimekatika.

Mpenda Besi

Hilo la kupima albamu sikulijua. Nimejaribu leo jioni kwa rumba, na sebene imerudi na meno yake. Kuchanganya nyimbo siachi.

Binti wa Ngara

Naleta mrejesho. Baada ya kuzima zile chaguo mbili na kuandika lebo upya, nyimbo zimerudi kuwa 2,287. Orodha ya Jumapili imefunguka nzima. Kwenye duka la programu nimezima kujisasisha kwa programu hii peke yake. Zingine nimeziacha zijisasishe. Simba Wanyika wako kwao na Les Wanyika kwao. Nimebaki na toleo jipya, kwani Mpenda Besi ana haki: adhuhuri, wateja wakiwa wengi, sauti inayolingana inanipunguzia safari za kwenda kaunta.

Limebaki tatizo moja. Faili 38 zina namba bila jina lolote, na santuri zake ziko ndani ya masanduku mawili ya mbao chini ya kitanda cha mama. Baadhi zimechakaa karatasi ya katikati, maandishi hayasomeki vizuri.

Mzee wa Gitaa

Hizo usizibahatishe. Naishi Pangani, si mbali nawe. Leta masanduku hayo mkahawani Jumamosi baada ya saa nane, watu wakipungua, na unipigie kila faili mwanzo wake tu. Pale jina lisiposomeka, tafuta namba iliyochorwa kwenye plastiki yenyewe, karibu na karatasi ya katikati. Hiyo haifutiki kwa urahisi, lakini utahitaji tochi na kuinamisha santuri. Miwani nitakuja nayo.

Binti wa Ngara

Jumamosi saa nane na nusu, Mzee. Tochi ipo, na chai ni juu yetu.