Wawaniaji wa ugavana Nairobi: ahadi ya "njia za baiskeli" bila upana, bila jina la barabara na bila bajeti haina kura yetu

Wanabaiskeli wenzetu, kura ni tarehe 10 Agosti 2027 na tumechoka kuahidiwa hewa. Nairobi haina meya tangu uchaguzi wa 2013, kwa hiyo maswali haya yote yanamwendea anayetaka kiti cha gavana. Ayajibu au akae kando.

Kwanza, barabara ni ya nani? Thika Road, Mombasa Road na Waiyaki Way ziko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Ngong Road na Outer Ring zilipanuliwa na KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Zote mbili ni mamlaka za serikali kuu, na gavana hawezi kumwaga hata toroli moja ya lami kule bila makubaliano nazo. Mwaniaji akikutajia Thika Road, muulize makubaliano hayo atayapataje. Kilicho mikononi mwake, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, ni barabara za kaunti, taa za mitaani, trafiki na maegesho. Maegesho! Gari lililopandishwa juu ya njia ya baiskeli ni jukumu la kaunti, na kuliondoa hakuhitaji mkopo wala mkandarasi. Kunahitaji kanjo, yaani askari wa kaunti, wafunge gurudumu na kutoza faini kila siku, si wiki moja ya kampeni.

Pili, pesa. Mwaka 2015 kaunti ilitoa sera ya usafiri usiotumia injini, ikajifunga kutenga asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara kwa wanaotembea kwa miguu na waendesha baiskeli. Asiyeijua sera hiyo hajajiandaa kutuongoza. Anayeijua atuambie asilimia 20 hiyo ni shilingi ngapi na itaandikwa kwenye fungu gani. Tena asitudanganye na "siku 100 za kwanza": mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo gavana atakayeapishwa baada ya uchaguzi wa Agosti atakuta bajeti ya 2027/28 imeshapitishwa. Akitaka kuanza mapema lazima apeleke bajeti ya nyongeza kwenye bunge la kaunti, kwa wawakilishi wa wadi 85. Ndiyo maana mwakilishi wadi wako naye aulizwe maswali haya haya. Kazi kubwa itaingia kwenye mpango wa maendeleo wa miaka mitano utakaofuata ule wa 2023–2027, na kama baiskeli hazimo humo, hakuna atakayezijengea miaka mitano mingine.

Sasa ujenzi wenyewe, maana hapa ndipo pesa hupotelea.

Upana. Usukani wa baiskeli ya kawaida ni kama sentimita 60 hadi 70, na aliyebeba kreti za mkate anafika mita moja. Njia ya upande mmoja ikiwa chini ya mita 2, hakuna wa kumpita mwenzake bila kushuka barabarani. Ikiwa ni ya kwenda na kurudi, dai mita 3. Mstari wa rangi juu ya lami si njia. Matatu inaukanyaga bila hata kupunguza mwendo.

Kabro. Tofali lenye unene wa milimita 60 ni la miguu na baiskeli. Pale gari linapokatiza kuingia getini panahitaji la milimita 80 juu ya msingi ulioshindiliwa. Wakandarasi huweka la 60 kote, matatu ikapanda mara kadhaa, matofali yakavunjika. Na pasipokuwa na ukingo wa zege pembeni, mvua za Aprili huufagia mchanga wa chini, kabro zikatawanyika na njia ikawa mawimbi.

Mifereji. Mipasuko ya kifuniko cha wavu ikielekea kule gurudumu linakoelekea, tairi ya milimita 28 inazama na mtu anarushwa juu ya usukani. Mipasuko ikatize njia, basi, haiongezi gharama hata senti. Vifuniko vya chuma huibwa vikauzwa chuma chakavu, kwa hiyo tunataka vya zege yenye nondo, na mtu anayelipwa kuvikagua.

Mwisho wa njia. Ngazi ya sentimita 5 tu inaibana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili pacha. Fundi yeyote anayajua. Mteremko lazima ufike sawa na lami. Penye barabara ya pembeni, njia yetu ibaki juu kwa kimo kile kile, gari ndilo lipande tuta. Lakini kinachoua ni makutano. Njia inayokatika mita 30 kabla ya raundabauti inakuacha peke yako mahali ambapo matatu inakata kushoto bila kukuona. Mwaniaji aonyeshe mchoro wa makutano. Picha ya njia iliyonyooka hatuitaki.

Nguzo fupi za kuzuia magari ziachane mita 1.4: mkokoteni mwembamba utapita, gari halitapita. Ila bodaboda itapita, kwa kuwa usukani wake hauzidi wetu kwa mengi. Nguzo haitatusaidia hapo, kitakachosaidia ni faini na vituo vya bodaboda vilivyopangwa vizuri. Asemaye nguzo zitamaliza kila kitu hajawahi kupima.

Na wale mlioandikishwa kupiga kura ushago, kule kijijini kwenu, huku mkiendesha kila siku kutoka Kayole au Mukuru kwenda Industrial Area: hasira yenu haihesabiwi Nairobi. Sheria inataka uhamisho wa kituo uombwe angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Nendeni ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneo bunge mnaloishi, mkiwa na kitambulisho, mapema, kabla foleni hazijaanza.

Atakayepata jibu la mwaniaji yeyote alibandike hapa chini: barabara gani, mita ngapi, shilingi ngapi, mwaka gani wa fedha. Jibu lisilo na hivyo vinne msilibandike.