Brian Cox: jukwaa lilimlea vipi kabla ya Succession?

Mwalimu wa Sanaa ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha sanaa za maonyesho, na kila mwaka hukutana na wanafunzi wanaoamini kwamba kuigiza jukwaani na kuigiza mbele ya kamera ni kazi mbili zisizohusiana, na kwamba mwenye hamu ya runinga hana haja ya kuhangaika na jukwaa. Wengi wao wamemwona Brian Cox, Mskoti aliyeigiza Logan Roy, tajiri mzee wa vyombo vya habari ambaye watoto wake wanagombea kumrithi, katika tamthilia ya runinga ya Succession, na wanamchukulia kuwa mtu aliyeibukia uzeeni. Naomba mwenye kumfahamu vizuri anieleze alikopitia, na hasa ni kitu gani katika uigizaji wake wa runinga kinachotokana na jukwaa. Orodha ya tuzo ninaweza kuitafuta mwenyewe. Ninachohitaji ni kazi yenyewe.

Mpenzi wa Tamthilia amejibu:

Mwalimu, huwezi kumwelewa Cox bila kupitia Dundee, Uskoti. Alizaliwa huko tarehe 1 Juni 1946, kitindamimba wa watoto watano, katika mji ulioishi kwa viwanda vya juti, ile nyuzi ya kutengenezea magunia. Baba yake, aliyekuwa na duka na mwenye mkono mwepesi wa kukopesha wateja, alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka 8. Mama akaugua maradhi ya akili, na malezi yakawaangukia zaidi dada zake. Aliacha shule akiwa na miaka 15, na mwaka 1961 akaingia Dundee Rep, ambako alianza kwa kutumwa huku na kule na kupiga deki jukwaa.

Dundee Rep lilikuwa kundi la kudumu lenye ukumbi wake, likibadilisha mchezo kila baada ya muda mfupi, kiasi kwamba kundi lilikuwa likifanya mazoezi ya mchezo mmoja mchana na kuigiza mwingine usiku. Kijana aliyekaa humo alijifunza kukariri haraka, kupaza sauti bila kupiga kelele, na kutomtegemea mtu mwingine amwokoe akisahau maneno. Ukumbi huo uliteketea kwa moto mwaka 1963, mwaka uleule Cox alipokwenda London kusoma katika chuo cha uigizaji cha LAMDA kwa ruzuku ya umma. Jambo hili la ruzuku linanigusa sana, kwa sababu yeye mwenyewe amesema hadharani, tena mara nyingi, kwamba mtoto wa familia kama yake leo hangeipata njia hiyo. Mwaka 1965 alirudi Uskoti katika kundi la kwanza la ukumbi wa Royal Lyceum mjini Edinburgh, kisha akaenda Birmingham, na kufikia 1967 alikuwa akiigiza Orlando, katika mchezo wa Shakespeare wa As You Like It, kwenye jukwaa la London.

Msomaji wa Shakespeare amejibu:

Ninakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila swali la Mwalimu, kwa maoni yangu, linajibiwa na mwaka 1987, Cox alipoigiza Titus Andronicus, katika mchezo wa Shakespeare wa jina hilo, mjini Stratford chini ya mwongozaji Deborah Warner, ambaye hakukata hata mstari mmoja wa mchezo ule wa kutisha. Katika tendo la tatu, Titus, jemadari mzee, amekubali kukatwa mkono ili wanawe wawili waachiliwe. Anarudishiwa mkono uleule pamoja na vichwa vya wanawe. Nduguye anamwambia kwamba sasa ndio wakati wa kufoka, naye Titus anacheka, kisha anaeleza kwamba hana tena chozi la kulia. Mwigizaji asiye na ujasiri hukipitia kicheko hicho mbiombio. Mwishoni mwa mchezo Cox aliingia amevaa kofia ya mpishi, akileta mezani andazi lililopikwa kwa nyama ya wana wa malkia. Mzaha na hofu vilikaa mahali pamoja, na kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Olivier, tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani Uingereza.

Mwaka 1990, kwa mwongozaji yuleyule, aliigiza Mfalme Lear, yule mfalme mzee wa Shakespeare anayewagawia binti zake ufalme, katika ukumbi wa National Theatre mjini London. Aliingia akiwa kwenye kiti cha magurudumu, katika hali ya sherehe ya kifamilia yenye kofia za karatasi, kana kwamba kugawa ufalme ni mchezo wa sebuleni. Sasa mtazame Logan Roy anapotania mezani huku watoto wake wakishindwa kujua kama wacheke au wakimbie. Mimi naona ni mtu yuleyule.

Mtazamaji wa Zamani amejibu:

Niongeze kwamba kwenye kamera hakuanza uzeeni. Mwaka 1978 aliigiza Mfalme Henry wa Pili katika tamthilia ya BBC iitwayo The Devil's Crown. Mwaka 1986 alikuwa wa kwanza kuigiza Hannibal Lecter, muuaji mla watu, kwenye filamu, miaka 5 kabla ya Anthony Hopkins. Na uigizaji wake wa Göring, kiongozi wa Wanazi, katika tamthilia ya runinga ya Nuremberg ulimpatia Tuzo ya Emmy, tuzo ya runinga ya Marekani, mwaka 2001. Succession ilipoanza mwaka 2018 alikuwa na umri wa miaka 72. Mwanzoni aliambiwa kwamba Logan alizaliwa Quebec, na msimu wa kwanza ukiwa unaelekea ukingoni waandishi wakaugeuza mji wa kuzaliwa kuwa Dundee. Wala jukwaa hakuliacha: mwaka 2024 aliigiza London katika mchezo wa Long Day's Journey into Night, na mwaka 2025 akarudi Dundee Rep katika mchezo wa Make It Happen, akiwa mzuka wa Adam Smith, mwanauchumi wa Kiskoti.

Mwalimu wa Sanaa:

Nawashukuru sana. Nimeamua wanafunzi waigize kwanza onyesho la ufunguzi la Mfalme Lear, kisha tutazame kipindi cha kwanza cha Succession, ambamo Logan anatimiza miaka 80 na, kinyume cha Lear, anakataa kuachia madaraka. Nitawataka watazame hasa pale anapokaa kimya.