Naomba ushauri: tochi imara ya kambi na ya kupandia Kilimanjaro kwa anayeanza

Mgeni_wa_Mlima
Wakuu, habari za humu. Mwezi wa pili tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku 7, na kabla ya hapo tutapiga kambi Usambara kwa mazoezi. Nahitaji tochi itakayodumu, isiyozimika kwa mvua wala baridi, na ikiwezekana ya kuchaji. Kariakoo kila ninayoshika imeandikwa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 90,000, nashindwa kutofautisha. Ya mkononi au ya kichwani? Lumeni ngapi zinatosha? Betri ya aina gani? Bajeti haizidi laki moja.

FundiTaa
Karibu mkuu. Chukua ya kichwani. Kutoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele (mita 4,673), watu huanza safari ya kileleni karibu saa 6 usiku, na kunakucha mkiwa bado mnapanda. Muda wote huo mikono ina fimbo na glovu nene. Ya mkononi iwe ya pili, ndogo, ya akiba.

Lumeni usizikimbilie. Ndani ya hema 5 zinatosha. Kupika na kwenda chooni ni 30 hadi 50, na kutembea kwenye kokoto za mlimani ni 100 hadi 150. Zaidi ya hapo ni za kumulika mbali kwa muda mfupi, kwa sababu LED ikitoa lumeni 1,000 kwenye tochi ndogo, bodi inapata moto na saketi inapunguza mwanga yenyewe baada ya dakika chache. Hizo 90,000 hazipo, hakuna betri ya tochi ya kichwani yenye nguvu hiyo.

Tafuta boksi lenye vipimo vya ANSI FL1 (kiwango cha kupimia tochi), halafu ujue kuvisoma. Muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo "lumeni 300, saa 40" inaweza kuwa dakika chache za 300, kisha usiku kucha wa 30 na kitu. Umbali nao unapimwa mpaka mwanga unapobaki sawa na wa mbalamwezi, hivyo ugawe kwa 2 ndipo upate umbali wa kuona kitu vizuri. Alama ya kudondoka inaanzia mita 1 juu ya zege. IPX4 ni maji ya kurushiwa, IPX7 ni kuzama mita 1 kwa dakika 30. Machame siku ya kwanza mnapita msituni na mvua huko ni kawaida, mimi ningeanzia IPX7.

Betri_Kwanza
Naongezea kwenye betri, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Nunua tochi ambayo betri inatoka, tena ya saizi ya kawaida. 18650 ndiyo rahisi kupata: kipenyo milimita 18, urefu 65. Ikiwa betri imefungiwa ndani moja kwa moja, siku ikichoka umetupa tochi nzima.

Feki ni nyingi. 18650 halali ina uzito wa gramu 45 hadi 50 na uwezo wake wa kubeba chaji unaishia karibu mAh (miliampia-saa) 3,500. Ukiona 9,900 imeandikwa ubavuni, iache. Ipime hata kwenye mizani ya duka la viungo, ikisoma gramu 30 ndani kuna betri ndogo na vitu vya kujazia.

Hesabu yenyewe: mAh 3,000 kwa volti 3.6 ni wati-saa 10.8. LED ya kawaida kwa lumeni 150 inakula kama wati 1.5, yaani saa 7 nyumbani. Mlimani usitegemee 7. Usiku wa kileleni baridi hushuka chini ya hasi 10, na ioni-lithiamu ikipoa inaweza kupoteza robo ya uwezo wake au zaidi. Kwa hiyo beba betri ya pili, ikae kwenye mfuko wa ndani wa jaketi karibu na mwili, ndani ya kiboksi chake cha plastiki. Usiichanganye na funguo wala sarafu, itapiga shoti. Usiku lala nayo ndani ya begi la kulalia.

Ukichagua ya AAA tatu (Petzl na Black Diamond wanazo), weka betri za lithiamu zisizochajiwa, hizo zinahimili baridi kali. Alkalaini zinachoka haraka kwenye baridi, na ukizisahau ndani zinavuja na kula springi.

Jambo la hatari: kuna betri ya 14500 inayofanana kabisa na AA kwa umbo, lakini ni volti 3.7. Usiiweke kwenye tochi iliyotengenezwa kwa 1.5 bila mtengenezaji kuruhusu, utaunguza saketi.

Kipepeo
Epuka zile za kuvuta kichwa mbele kukusanya mwanga. Kila unapovuta, kichwa kinanyonya hewa pamoja na vumbi na unyevu. Na zile za kuchomeka moja kwa moja ukutani nyingi zina betri ya asidi ya risasi, ikikaa wiki kadhaa bila chaji haishiki tena.

Mgeni_wa_Mlima
Nashukuru sana wakuu. Nimepata ya kichwani ya 18650, IPX8 (inazidi IPX7 kwa kuzama), inachaji kwa USB-C. Nitaijaribuje kabla ya safari?

FundiTaa
Anza na maji. Toa betri, ingiza tishu kavu kwenye nafasi yake, funga kabisa, izamishe kwenye ndoo dakika 30. Ifute, fungua, kagua tishu, halafu angalia kama kuna ukungu nyuma ya kioo. Tishu ikilowa, tazama oringi, ile pete ya mpira kwenye hesi. Mara nyingi imekatika, imejikunja au ina mchanga. Safisha, pakaa grisi ya silikoni kidogo sana, rudia. Vaselini iache, kuna mipira inavimba nayo.

Kisha chaji ijae, washa kwa mwanga wa kutembelea, andika saa. Hapo utajua muda wake halisi. Mwisho itikise ikiwa inawaka. Ikipepesa, futa hesi na ncha za betri kwa pamba yenye spiriti, kaza kifuniko. Ikiendelea, springi ni dhaifu, irudishe dukani mapema.

Jaribu pia kuchaji kwa nyaya zote mbili. Tochi nyingi za bei nafuu zina tundu la USB-C lakini hazipokei umeme kwa waya wenye C pande zote, zinataka ule wenye USB ya kawaida upande wa chaja. Usije kugundua hilo ukiwa kambi ya Shira na pawabanki mkononi.

Mkenya_Milimani
Ndugu, angalia pia rangi ya mwanga. Ile nyeupe ya kuelekea bluu, 6500K (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), kwenye ukungu inakurudia machoni na inaita wadudu kambini. Chukua 4000K hadi 5000K. Na kwenye ukungu ivue kichwani uishike kiunoni, mawe yataonekana vizuri zaidi.

Mgeni_wa_Mlima
Swali la mwisho: ikijiwasha ndani ya begi?

Betri_Kwanza
Legeza kifuniko robo mzunguko, kwenye tochi nyingi hiyo inakata umeme. Bonyeza swichi uhakikishe. Ikiwaka bado, basi yako haikatiki kwa kulegeza, tumia kufuli ya swichi iliyoelezwa kwenye karatasi yake au toa betri kabisa.