Tupeane uzoefu: asparagasi ya maua hapa Goma, yako imeishije?

Baraza_la_Himbi (mwanzisha mada)
Wakubwa kwa wadogo, salaamu. Jana jioni nimemkuta jirani yangu anakwenda kutupa asparagasi yake, na chungu chake. Imekuwa manjano, vile vinyoya vyake vya kijani vyote vimepukutika, zimebaki fimbo kavu zenye miba. "Imekufa," ananiambia. Nikamwomba anipe. Akacheka sana, akanipa.

Mimi sikucheka kwa sababu ya Mei 2021. Volkano yetu, Nyiragongo, ilitoka Jumamosi tarehe 22 jioni, na Alhamisi tarehe 27 asubuhi likaja tangazo la kuhama. Tukashika barabara ya Sake, magodoro kichwani, watoto mkononi. Asparagasi ilibaki inaning'inia barazani, chini ya mabati, mahali mvua haifiki. Hakuna aliyeikumbuka, na sioni haya kusema hivyo.

Tulirudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Matetemeko yalikuwa yameangusha chungu, kikapasuka vipande vinne. Juu kila kitu kikavu, rangi ya majani ya chai. Lakini pale palipopasuka niliona mizizi: vimbavimba nyeupe kama viazi vidogo, nyingi ajabu, na nilipobonyeza moja ilikuwa ngumu, imejaa maji. Nikakata fimbo zote chini kabisa, nikaitia katika ndoo iliyotobolewa, udongo nusu na kokoto za lava nusu. Wiki ya tatu vikachomoza vidole vya kijani, vimenyooka kama kalamu. Mmea huo ninao mpaka leo, uko katika chombo chake cha tatu.

Sasa leteni yenu, aliyefaulu na aliyeshindwa. Mtaje mnaiweka wapi na mnamwagilia maji gani, maana Goma hii maji nayo ni habari yake.

MamaNdoo_Keshero
Mimi ya kwanza niliiua kwa maji. Nilinunua kwa muuza maua wa kando ya barabara, nikaipeleka saloni, yaani sebuleni, ndani ya kile chungu cha kung'aa cha plastiki, kisicho na tundu hata moja. Kila asubuhi kikombe. Nikiona imekuwa manjano, nasema ina kiu, naongeza kikombe. Mwezi wa pili nikaanza kusikia harufu nikadhani panya amefia nyuma ya kochi. Nikaitoa: mizizi kahawia, laini kama ndizi iliyooza.

Shida ni kwamba ikikosa maji inakuwa manjano, na ikizidishiwa inakuwa manjano vilevile. Rangi haikuambii kitu. Ingiza kidole kwenye udongo mpaka kifundo cha pili, ukisikia ubichi, iache. Siku hizi, kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane namwagilia mara mbili kwa wiki, wakati wa mvua mara moja tu, na wiki nyingine sigusi.

Kijana_wa_Birere
Wakubwa, yangu iko saloni, pazia tunafunga mchana kwa ajili ya vumbi la barabara. Inadondosha vinyoya kila siku, dada amechoka kufagia. Je, ni ugonjwa?

MamaNdoo_Keshero
@Kijana_wa_Birere ni giza, mwanangu. Isogeze dirishani au barazani. Lakini usiitupe juani siku hiyohiyo! Jirani yangu alifanya hivyo, akaiweka mbele ya ukuta wa mabati. Jua la huku juu, karibu mita 1,500, ukichanganya na moto wa mabati, siku tatu tu ikapauka kama nguo iliyotiwa javeli. Chini ya mwavokado ndipo yangu inapopendeza kuliko popote.

Chaki_na_Ubao
Mimi ni mwalimu wa biolojia, nisameheni nikirefusha.

Watu wengi wanaiita feni (si ile ya umeme, ni ule mmea uitwao pia kangaga), na Wafaransa nao wameitia katika kundi hilo kwa jina la mtaani. Si ndugu wa feni hata kidogo. Feni haina ua wala mbegu. Hii ikikomaa inatoa viua vidogo vyeupe vyenye harufu nzuri, kisha tunda la kijani linalogeuka jekundu, ndani mbegu nyeusi. Ndugu yake wa karibu ni ile asparagasi ya kuliwa inayouzwa katika makopo kwenye maduka ya watu wenye pesa. Ndiyo maana vile "vidole" vya mwanzisha mada vinafanana nayo, ila hii ya maua haiendi sufuriani.

La pili: vile vinyoya si majani. Ni vijitawi vilivyojibana na kuchukua kazi ya jani. Jani lenyewe limebaki kigamba kidogo, na kwenye fimbo limegeuka mwiba. Wanafunzi wangu huwa hawakubali mpaka niwape kioo cha kukuzia.

Tunazoziona Goma ni tatu. Inayomwagika kama nywele, ndiyo Sprengeri. Iliyosimama kama mkia wa mbweha, ndiyo Meyeri. Na ile laini kama moshi inayotambaa na kutandaza vitawi vyake bapa, ndiyo plumosus, ambayo sasa wataalamu wanaiita setaceus. Sprengeri kwa kitaalamu ni Asparagus aethiopicus, ingawa kwao ni Afrika Kusini na Ethiopia haihusiki. Vitabu vingi bado vinaiandika densiflorus.

Na hili ndilo ninalolipenda: jina Sprengeri ni la Carl Sprenger, Mjerumani mfanyabiashara wa mimea aliyeishi Napoli, Italia, na ndiye aliyeisambaza Ulaya mwishoni mwa karne ya 19. Napoli iko chini ya Vesuvius, na Vesuvius ililipuka Aprili 1906, yeye angali huko. Kwa hiyo ua hili limeshazoea watu wa volkano kabla halijatufikia sisi.

Baraza_la_Himbi
Mwalimu, hiyo ya Vesuvius nimewasomea nyumbani. Mke wangu amesema basi tuipe kadi ya mkaazi.

Bidoni_Njano
Kuhusu maji. Sisi tuko Kyeshero upande wa ziwa, na bomba likikauka tunachota ziwani kama kila mtu. Miaka miwili nilimwagilia maji ya ziwa peke yake. Juu ya udongo pakatokea ukoko mweupe, na pembeni mwa chungu mstari mweupe kama chumvi kwenye shati la mbeba mizigo. Ncha zikaanza kukauka. Ziwa Kivu lina madini mengi yaliyoyeyuka ndani yake, sabuni yenyewe mnajua inavyosumbua. Kwenye bustani ya ardhini mvua inayasukuma chini, lakini chungu kilicho barazani hakipati mvua, chumvi inalala humohumo.

Nilichofanya: nilikwangua ukoko, siku ya mvua kubwa nikakitoa chungu nje, maji yakapita na kupita mpaka yakawa yanatoka chini safi. Sasa maji ya mvua kwanza, ya ziwa yakikosekana mengine. Januari 2025, maji na umeme vilipokatika, sikumwagilia chochote. Bidoni (dumu) moja ilikuwa ya kunywa na ya kupikia. Asparagasi ikangoja zamu yake, na ilipofika ilikuwa bado ipo.

Mapambo_ya_Arusi
Tunaopamba kumbi tunaijua kwa upande mwingine. Plumosus ndiyo bibi harusi anaipenda, ile ya kuweka nyuma ya waridi kwenye kifua cha bwana. Ni nzuri, na ni msaliti. Ikikauka kidogo inamwaga vinyoya kama sindano. Kuna arusi moja niliizungushia keki, ukumbi ulikuwa na joto, hotuba za wajomba zikaenda saa mbili nzima. Kukata keki, krimu yote ina nywele za kijani! Mama wa bwana harusi hajanisalimia tangu siku hiyo.

Tangu hapo kwenye keki naweka Meyeri, inavumilia zaidi, na sharti fimbo ziwe zimekomaa. Changa zinanyauka mara moja. Kata asubuhi na mapema, zisimame katika ndoo ya maji kivulini mpaka saa ya kupamba. Na glavu, jamani. Mwiba wa plumosus hauonekani mpaka uwe umekuingia.

Fundi_Panga
Miye niko na kisa cha aibu. Yangu ilijaa chungu mpaka plastiki ikapasuka ubavuni, mizizi ndiyo iliipasua. Nikaona vile vimbavimba, nikasema hii ni kama viazi, kila kimoja kitatoa mmea. Nikavikata vyote, nikavipanda kwenye makopo ishirini ya maziwa, nikawaahidi ba mama wa avenyu yetu kila mmoja lake. Miezi miwili namwagilia makopo ya udongo mtupu. Hakuna hata moja lililotoa kitu.

Baadaye mzee mmoja mwenye bustani akanieleza: kile kiazi ni tangi la maji tu, hakina jicho la kuchipua. Macho hayo yapo juu, kwenye shina pale fimbo zote zinapokutana. Ukitaka kugawa, toa mmea wote, chukua panga au msumeno (kisu kitakukatikia), pasua kuanzia juu ya shina kushuka, kila kipande kibaki na fimbo zake na mizizi yake. Usione huruma. Mara ya pili nilipasua vipande vinne, vikaota vinne. Makopo kumi na sita bado ninadaiwa.

Shore_na_Uzio
Mie naomba niwe sauti ya kukera. Msiipande ardhini ovyo. Niliweka Sprengeri moja kwenye uzio wa parseli, mawe matupu ya lava, nikijua haitafika mbali. Ilizaa matunda mekundu, ndege waitwao shore wakayapenda. Sasa inaota kwenye nyufa za mawe, chini ya tangi, na hata kwa jirani ambaye hajawahi kununua ua maishani. Kung'oa ni vita, ukibakiza shina inarudi. Australia na Florida wameitangaza gugu, na nimewaelewa.

Halafu matunda yale. Mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, alikula kama matano akidhani ni peremende. Alitapika usiku na kuendesha, tukampeleka zahanati, asubuhi alikuwa anacheza. Hayaui hivihivi, ila yana sumu ya kuvuruga tumbo, na mbwa na paka nao hupata shida hiyo. Siku hizi maua yakigeuka vitunda nayakata yakiwa bado ya kijani. Utomvu wake pia unawasha ngozi ya watu wengine, mimi ni mmoja wao.

MamaNdoo_Keshero
Pole kwa mtoto. Mimi naining'iniza juu kabisa kwa sababu hiyohiyo.

Nimekumbuka jingine, vumbi. Mwezi wa saba vumbi jeusi linaikalia mpaka inabadilika rangi, na humo ndimo wanapozaliana wale wadudu wadogo kama nukta nyekundu wanaofuma utando. Naiogesha yote, kichwa chini, kwa maji ya sabuni kidogo, kisha maji matupu. Mbolea ni samadi ya sungura iliyokaa, kiganja kimoja mwanzo wa mvua. Ya kuku mbichi niliijaribu mara moja, ikaunguza.

Ibanda_Juu
Nawasalimu kutoka Bukavu. Mnalalamika mawe, ninyi! Huku udongo ni mwekundu, mzito, unashika maji kama sifongo, asparagasi zangu mbili zimeoza ndani ya mwaka mmoja. Kuna anayekuja kwa boti wiki hii aniletee mfuko wa kokoto za lava? Nitalipa usafiri na soda.

Fundi_Panga
@Ibanda_Juu niko nakuja Alhamisi. Mfuko wa kilo ngapi? Na nikuletee kopo moja la maziwa lenye udongo, la ukumbusho?

Baraza_la_Himbi
Narudi na habari za mgonjwa wa jirani. Siku ile niliichungulia mizizi: mingi imekunjamana, lakini karibu na shina mitano au sita ilikuwa bado migumu. Nikakata juu kote, nikapunguza iliyooza, nikairudisha katika chungu chake na kokoto nyingi, kivulini, maji kidogo ya mvua.

Leo ni siku ya 19. Kidole kimoja kimechomoza, urefu wa kucha. Jirani amekiona kupitia uzio, na ameshaniuliza chungu chake nitakirudisha lini.