Bakapu ya databesi ya SACCO kila usiku ni baiti 20 tu, nakosea wapi?

kahawa_na_kodi
Habari zenu wakubwa. Mimi natunza kompyuta za SACCO moja ya wakulima wa kahawa huku Kasese, Uganda, seva yenyewe iko chini ya meza ya mhasibu, ni Ubuntu na MySQL 8 (programu ya databesi). Zamani nilikuwa natoa bakapu kwa phpMyAdmin, ule ukurasa wa kusimamia MySQL kwenye brauza, databesi ikanenepa mpaka ukurasa ukawa unakatikia katikati, nikaona bora nihamie terminali. Nikaandika kwa mkono komandi ya mysqldump, inayonakili databesi nzima kwenye faili

`mysqldump -u bakapu -p sacco > sacco.sql`

ikaniuliza paswedi nikaweka, faili likatoka zuri kabisa MB 240. Basi nikaitia kwenye skripti iwe inajiendesha usiku na cron (inayoendesha komandi kwa saa uliyopanga), na gzip ya kulizipu faili:

`mysqldump -u bakapu -p siri123 sacco | gzip > /home/bakapu/sacco.sql.gz && echo "bakapu tayari" >> /home/bakapu/log.txt`

Wiki tatu nzima kila asubuhi nasoma log, "bakapu tayari", nalala vizuri. Juzi umeme ukakata halafu ukarudi kwa nguvu, seva ikagoma kuwaka karibu nusu saa, mhasibu ananiangalia, namwambia usijali mama bakapu ipo. Ikawaka, namshukuru Mungu. Ila nilipoenda kulitazama lile faili nilitetemeka, `ls -l` inasema 20. Siyo MB 20 jamani, baiti 20. Akiba za wanachama wote ziko humo, wazee wengine wamezikusanya msimu kwa msimu. Nisaidieni.

dada_terminali
Pole sana kaka. Kosa ni ile nafasi baada ya -p. Ukiandika `-p siri123` mysqldump haioni paswedi hapo, inaona umeiambia iulize paswedi, na siri123 inaichukua kuwa jina la databesi, halafu sacco inakuwa jina la tebo. Usiku kwenye cron hakuna mtu wa kujaza paswedi, ikakataliwa, haikutoa hata herufi moja. gzip ikapokea hewa ikaizipu, na hewa ikizipiwa inakuwa baiti 20, jaribu mwenyewe `: | gzip | wc -c` utaona. Na "tayari" yako inatoka kwa sababu kwenye bomba (ile alama ya |) bash, inayoendesha skripti, inaangalia aliyekuwa wa mwisho tu, yaani gzip, na gzip kazi yake ilifanya vizuri.

Usiibandike tu paswedi kwenye -p, skripti ikisomwa na mtu imekwenda. Tengeneza faili `~/.my.cnf` la yule yule mtumiaji anayeendesha cron:

```
[mysqldump]
user=bakapu
password=siri123
```

kisha `chmod 600 ~/.my.cnf` ili asilisome mwingine, na hiyo siri123 uibadilishe leo leo maana umeshatuonyesha. Juu ya skripti weka `#!/bin/bash` na `set -o pipefail`, hapo mysqldump ikianguka "tayari" haitaandikwa.

mzee_wa_tebo
Dada amemaliza, naongeza la kwangu. Weka `--single-transaction`. Bila hiyo mysqldump inafunga tebo wakati inasoma, na usipofunga wala usiweke hiyo, mtu akihamisha pesa katikati ya dampu utapata akaunti moja imetolewa na nyingine haijaingia. Hiyo `--single-transaction` inakupa picha ya dakika moja tu, bila kumsimamisha karani. Ila inafaa tebo za aina ya InnoDB peke yake, kama mfumo wenu ni wa zamani angalia kama hakuna za aina ya zamani, MyISAM.

Na je hesabu ya riba iko kwenye procedure (kodi iliyohifadhiwa ndani ya databesi yenyewe)? Kama ndiyo weka `--routines`, zenyewe hazitoki mpaka uziombe, triga (zile zinazojiendesha tebo ikibadilishwa) ndizo zinatoka bila kuombwa. Mimi niliwahi kurudisha databesi ya duka moja, data yote ipo, tukibonyeza funga mwezi hakuna kinachotokea, tukashinda siku nzima tunaandika upya.

kahawa_na_kodi
Mbarikiwe! Usiku huu ni MB 31 imezipiwa. Ilikuwa inalalamika kuwa mtumiaji bakapu hana ruhusa ya PROCESS ya kusoma tablespaces nikaweka `--no-tablespaces` ikanyamaza. Sasa nataka kila usiku faili lake, maana hili linafuta la jana. Nimeweka `sacco-$(date +%F).sql.gz` moja kwa moja kwenye crontab (orodha ya kazi za cron), kwa mkono inakubali, kwenye cron hakuna faili kabisa.

fundi_ntinda
Ni alama ya %. Kwenye crontab % maana yake ni mstari mpya, komandi yako inakatwa hapo hapo. Andika `\%F`, au bora zaidi acha komandi yote ndani ya skripti, crontab iite skripti tu, huko ndani % haina shida. Na angalia saa ya seva kwa `date`, kama iko UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu, saa nane usiku yetu ni 23 kwake, na tarehe kwenye jina itakuwa ya jana.

Asubuhi badala ya log soma mwisho wa dampu: `zcat faili | tail -n 1`, lazima useme "Dump completed". Usipouona, limekatika.

dada_terminali
Na ulirudishe kwenye laptopu ujue linafufuka. `mysql -e "create database jaribio"` halafu `gunzip < faili | mysql jaribio`, haigusi ile ya kazi. Tena usiliache kwenye kompyuta ile ile, umeme ukiipiga vyote vinakwenda pamoja. Likitoka nje ya ofisi lifunge kwanza kwa paswedi kwa `gpg -c`, humo mna NIN (namba za vitambulisho vya taifa) na simu za watu, na sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inakudai uzilinde.

kahawa_na_kodi
Nimerudi na majibu. Nimerudisha kwenye laptopu, nimehesabu safu za tebo ya miamala pande zote mbili kwa data ya jana, zinalingana mpaka ya mwisho, procedure ya riba nayo nimeiona. Halafu mhasibu akachukua vitabu vitatu vya wanachama bila kuchagua, akasoma salio kwa sauti, mimi natafuta kwenye laptopu. Vyote vitatu sawa. Flashi iliyofungwa na gpg inapanda basi kesho kwenda Kampala, paswedi yake iko kwenye bahasha ndani ya sefu hapa ofisini.