Vivaldi kwa gitaa la umeme: distosheni inazigeuza noti zote uji

Gitaa_Tudor
Salaam wakuu. Bendi yetu ya hapa Mombasa (magitaa mawili, besi, ngoma) inaandaa sehemu ya tatu ya "L'estate" (Kiangazi) ya Vivaldi, ile ya kasi, G maina. Nasoma karatasi ya fidla moja kwa moja. G ya chini kabisa naipiga uzi wa sita, freti ya 3. Bila distosheni (athari inayokwaruza sauti ya gitaa) kila noti inasikika. Nikiiwasha, geini (kiasi cha mkwaruzo) ikiwa 8, mbio zote, yaani mifululizo ya noti za kasi, zinakuwa uji. Gitaa la pili linapiga kordi kamili za G maina na D meja, nalo linanguruma tu. Isitoshe, tukicheza juu ya rekodi tunapishana nayo nusu toni, na tyuna inasema tuko sawa. Tempo tunayoitaka ni 140. Tatizo ni amplifaya, mikono au mpangilio?

Nyuzi_Sita
Anza na oktava (umbali wa noti hadi yenye jina lilelile juu au chini yake). Noti za gitaa huandikwa oktava moja juu ya zinavyolia, za fidla huandikwa palepale zinapolia. Ukisoma karatasi ya fidla kama ya gitaa, muziki mzima unashuka oktava na kuingia kwenye eneo la besi. Hiyo G ya chini ya fidla ni uzi wako wa tatu ukiwa wazi. Hamishia kila kitu huko juu. Gitaa la freti 22 linaishia D. Kifungu kikipita hapo, kishushe chote oktava moja. Usishushe noti mbili tatu katikati ya mbio, mstari utavunjika na kila mtu atausikia ulipovunjika.

Geini 8 ni nyingi mno. Kwa tempo ya 140 kila noti ya mbio inaishi kama sekunde 0.11, kwa hiyo huhitaji sauti inayovutika. Weka geini 4 au 5, na kwenye amplifaya besi 3, midi (sauti za kati) 7, na uzime dilei na ekoo kwenye mbio.

Kuhusu kordi: distosheni ikipokea noti mbili inazaa na nyingine, mojawapo ni ile inayotokana na tofauti ya mitetemo yao. G na D ziko karibu sana na uwiano wa 2 kwa 3, zinazaa G ya chini, ndiyo maana kordi ya noti mbili inajaa vizuri kwenye roki. D na F# (F iliyopandishwa nusu toni) zingekuwa safi kwa 4 kwa 5, lakini freti zinaiweka F# juu kwa takriban senti 14 (freti moja ni senti 100). Noti inayozaliwa inakosa D kwa zaidi ya nusu ya freti moja. Huo ndio mngurumo wenu. Gitaa la pili lipige G na D, kisha D na A, basi. Ila F# isipotee, maana ndiyo inayoivuta D irudi G. Apewe mtu mmoja aipige peke yake.

Piki_Nene
Oktava ndiyo ilikuwa nusu ya shida, naafiki. Upande wa mikono: piki ngumu ya milimita 1 au zaidi, chini-juu bila kubadilisha, na ncha iguse uzi kidogo tu. Noti inayorudiwa huchafuka kwa sababu nyuzi za chini zinatetema zenyewe. Zizibe kwa kiganja cha kulia, na za juu kwa ubapa wa kidole cha shahada cha kushoto. Metronomu ianze 80, ipande nne nne. Ukikosea palepale mara mbili, rudi nyuma hatua mbili.

Jambo moja kwa sisi tuliolelewa na taarab: D, Eb (E iliyoshushwa nusu toni), F#, G ni hijaz (makamu ya Kiarabu) kabisa, na kidole kinaikimbilia. Tafadhali fuata karatasi. Mtindo wa Baroki (enzi ya Vivaldi) mara nyingi hupanda kwenda G kwa E ya kawaida na F#, na hushuka kwa F na Eb. Ukiweka Eb na F# kila mahali unapata muziki mwingine, mzuri, lakini si wa Vivaldi.

Trili (kupishanisha haraka noti mbili jirani) ianzie noti ya juu. Jedwali la mapambo alilomwandikia Bach mwanawe mwaka 1720 linaionyesha hivyo.

Ngoma_Likoni
Nusu toni: rekodi nyingi za ala za kale hutyuniwa A ya mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440, kwa hiyo mnasikia F# maina. Shusheni magitaa na besi nusu toni wakati wa mazoezi, au tafuteni rekodi ya 440.

Ngoma zisijaze kiki (ngoma kubwa ya mguu) kwenye kila noti ya mbio, zitafunika besi. Okestra yote ikiingia, pigeni kwa nguvu zote. Fidla ikibaki peke yake, bakizeni haihati (matoazi ya mguu) na besi.

Gitaa_Tudor
Shukran sana. Je, gitaa la pili likibaki na noti mbili mbili muda wote halitachosha?

Nyuzi_Sita
Litachosha. Kwenye vifungu vya okestra yote lipewe mstari wa fidla ya pili, noti moja moja, geini ileile. Pale fidla zote zinapopiga mstari mmoja, nalo lifuate, oktava moja chini yako. Kordi za noti mbili ziwekeni kwenye miisho ya vifungu.